Gari Haliwaki? Weka Mita Kabla ya Kununua Betri

Gari likigoma asubuhi, wa kwanza kuhukumiwa ni betri. Jirani anapita akitoka msikitini, anasikia ile tiki-tiki-tiki ya staata, na bila hata kufungua boneti anakata kesi: "Betri hiyo ishakufa, bwana, tafuta nyingine." Mwenye gari anatoa maelfu yake, anafungiwa mpya, gari linawaka siku mbili, ya tatu limelala pale pale. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Majengo, Mombasa, na gari ninaloletewa sana ni la aina hiyo: betri inang'ara, stika ya duka bado iko juu, na haliwaki.

Kwa hivyo neno langu ni moja: pima kwanza. Mita ya dijitali ya bei ya chini yatosha kabisa. Ongeza spana namba 10, brashi ya waya, na mtu wa kukupigia staata. Vua pete na saa ya chuma kabla hujaingiza mkono, na sigara kaivutie mbali, maana betri inayochaji hutoa haidrojeni, na haidrojeni haina mzaha na cheche.

Sikiliza, kisha tazama taa

Kabla ya mita, masikio. Elekeza gari ukutani, washa taa kubwa, piga staata, uangalie mwanga.

Taa zikififia karibu kuzima na ukasikia tiki-tiki ya haraka, umeme ni mchache: ama betri haina chaji, ama inayo lakini haipiti vizuri kwenye vichwa vyake. Ukisikia mlio mmoja mzito, "ko!", na taa zisitikisike, betri huenda haina kosa, kaangalie staata na nyaya zake. Kimya kabisa na taa ziko sawa? Peleka gia kwenye N ujaribu tena, kwani kwenye magari ya otomatiki ile swichi ya gia huchakaa, ikawa haikubali kwenye P. Kimya na dashibodi giza totoro, shika vibano vya betri uvitikise. Usishangae kimoja kikizunguka mkononi.

Staata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, hiyo si kesi ya betri. Tafuta petroli, plagi au sensa.

Vipimo vitatu

Weka mita kwenye volti za DC, pale palipoandikwa 20. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Gusa kichwa chenyewe cha risasi, usiguse kibano. Sababu ni kwamba umeme unaweza kupotea kati ya kichwa na kibano.

Kipimo cha kwanza ni gari likiwa limelala, bora asubuhi kabla hujaligusa. Ukipima punde tu baada ya kuzima injini utadanganywa, betri huwa bado na chaji ya juu juu. Kama huna muda, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Betri nzima iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ukikuta 12.4, imebaki robo tatu hivi. 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hiyo ni tupu. Ikisoma kama 10.5 na hata ukiichaji usiku kucha haipandi, basi seli moja kati ya zile sita imekwenda, na hapo hakuna dawa.

Lakini tupu si maiti. Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Betri iliyoachiwa taa usiku inaweza kusoma 11.7 na bado ikawa na miaka yake mbele. Ichaji polepole, ampea nne au tano usiku mzima, iache ipumzike saa kadhaa, ipime tena. Na usitegemee altaneta ikujazie betri tupu kwa safari fupi ya Nyali hadi Mwembe Tayari huku AC iko mwisho. Altaneta kazi yake ni kurudisha kile kidogo kilichotumika kuwasha gari, na kulisha vifaa gari linapotembea. Kujaza kutoka chini ni kazi ya chaja. Ila usiiache ikae tupu wiki nzima: risasi ndani yake hushika ukoko wa salfeti, ukoko unakuwa mgumu, na hapo itakuwa imekufa kweli. Magari mengi yanayotoka bandarini hufika kwangu na tatizo hili hili, yamesimama yadi muda mrefu hakuna wa kuyawasha.

Kipimo cha pili, mwenzako apige staata nawe macho kwenye mita. Betri iliyokuwa na 12.5 isishuke chini ya 9.6 injini inapozungushwa. Nzuri hubaki juu ya 10. Ikianguka hadi 8 au 7 na ilikuwa imejaa, imechoka, uzee umefika. Hiki ndicho kipimo kinachoua betri kihalali. Namba ya kwanza peke yake haihukumu.

Kipimo cha tatu, injini inanguruma. Kanyaga mafuta kidogo, uone kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa vyote: taa kubwa, AC, feni mwisho. Inaweza kushuka kidogo, lakini ikikaa chini ya 13 na inaendelea kuteremka, altaneta haitoshi au haifanyi kazi. Ikipita 15, regulata, kile kinachodhibiti volti za altaneta, imeharibika na betri inapikwa: utanusa harufu ya mayai viza, na mbavu za betri zitavimba. Gari hilo usilitembeze, litakuharibia na vifaa vingine.

Angalizo kwa wenye Honda. Nyingi zina ujanja wa kupunguza chaji zikiona mzigo ni mdogo, kwa hivyo utaona 12.6 injini ikiwaka na utadhani altaneta imekufa. Washa taa kubwa na AC. Ikiruka hadi 14 na ushei, gari ni zima, usimpe mtu altaneta yako aifungue.

Probox ya mikate

Kuna kijana wa Kisauni husambaza mikate alfajiri. Probox yake ilikuwa inazungusha staata kivivu, mara inashika, mara haishiki. Alipokuja kwangu alikuwa ameshanunua betri, na altaneta ilikuwa imeshafunguliwa kwingine.

"Fundi, betri ni mpya hiyo, isikupotezee wakati. Ni staata."

"Staata tutaifikia. Nipigie."

Ikilala, 12.6. Ikinguruma, 14.2. Yote mazuri. Lakini alipopiga staata, mita ilishuka hadi 11.4 tu, huku injini inajikokota. Hapo ndipo penye siri. Staata inayozunguka kwa shida ilhali betri haishuki inakwambia umeme upo, ila njiani umezibwa. Betri haiwezi kutoa kile ambacho waya haupitishi.

Basi nikahamisha mita. Ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia apige tena. Kipimo hiki hutafuta umeme unaopotea kati ya sehemu mbili zinazotakiwa kuwa kitu kimoja, na upande wa hasi usizidi volti 0.2. Ilisoma 2.3. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi nati kubwa ya staata, ruhusa ni kama 0.5, pale palikuwa 0.3, safi. Kwa hivyo mwizi alikuwa ule waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini na bodi. Kwa nje mweusi, mzuri, huwezi kuushuku. Nikaupasua mpira wake kwa wembe karibu na kibano: shaba ndani ilikuwa unga wa kijani. Nyuzi zilizobaki nzima ungezihesabu.

Waya mpya wa shaba, mnene kama ule wa mwanzo, na gari likawaka kwa kugusa tu. Bei yake ilikuwa kipande kidogo cha ile ya betri aliyonunua. Akaniuliza, "Sasa ile betri ya zamani?" Alikuwa ameiacha dukani.

Chumvi na joto letu

Ugonjwa ule ni wa kwetu. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na gari linalolala Nyali au Likoni karibu na ufuo hulipa kila mwaka. Ule unga mweupe au wa samawati unaoota kwenye vichwa vya betri si wa kupulizwa kwa mdomo. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona umeme wa radi mchana. Mwagia maji ya moto yenye magadi soda, acha yatoke povu, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kichwa na ndani ya kibano, suuza, kausha. Wakati wa kufunga, chanya kwanza na hasi mwisho. Kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Ukipaka kabla ya kukaza unaweza kuzuia kile unachotaka kipite.

Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, chungulia. Maji yafunike sahani kwa kiasi, na ukiongeza ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya chupa. Maji ya kisima ya hapa mjini yana chumvi, na hata ya mfereji usiyatie. Asidi usiongeze kamwe; kinachopotea kwa joto ni maji, asidi inabaki ndani. Na ikikurukia, osha kwa maji mengi hapo hapo, hasa macho, kisha nenda hospitali.

Joto nalo lina hesabu yake: kila nyuzi 10 zinapozidi, kemia ndani ya betri hukimbia karibu maradufu, na kuchakaa pia. Ndiyo maana betri ya Mombasa haifiki umri wa betri ya Limuru kwenye baridi, na muuzaji akikuahidi miaka saba mwitikie tu kwa adabu. Miaka miwili mitatu, ikitunzwa, mimi naona imefanya kazi yake.

Jambo jingine la hapa ni foleni ya feri ya Likoni. Watu huzima injini, jambo zuri, lakini huacha switchi wazi, feni inapuliza, redio inaimba, simu mbili zinachaji. Feni ya AC ikiwa juu peke yake hula ampea 10 na zaidi. Nusu saa hapo, mara mbili kwa siku, kisha safari fupi fupi, na betri haipati kushiba kamwe. Ukizima injini, zima na feni. Fungua kioo.

Altaneta

Kama kipimo cha tatu kimeanguka, usitoe altaneta bado. Tazama mkanda: umelegea, umepasuka, unalia gari likiwashwa au ukiwasha AC? Mkanda unaoteleza hauzungushi altaneta inavyotakiwa. Angalia soketi yake, kisha ule waya mnene unaotoka nyuma yake kwenda kwenye betri, na fyuzi kubwa iliyo njiani. Pima volti kwenye nati ya altaneta yenyewe injini ikiwaka. Pale 14.5 na kwenye betri 12.5, altaneta inazalisha, waya ndio unakula.

Funguo ikiwa ON kabla ya kuwasha, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi sharti iwake. Isipowaka, usifurahi, kwenye magari mengi ya zamani altaneta huamshwa kupitia taa hiyo hiyo, na glopu ikiungua haichaji. Ikiwaka gari likitembea, zima AC na redio ukatafute fundi, umebakiwa na kile kilicho ndani ya betri tu.

Dayodi za altaneta, zile zinazogeuza umeme wake wa AC kuwa DC, zikiharibika, mita huzishika kirahisi: ihamishe kwenye volti za AC (AC ya umeme, si ya kipupwe), pima betri injini ikiwaka na taa zikiwa wazi. Ikipita nusu volti, dayodi imekufa. Makaa ya ndani ya altaneta (brashi za kaboni) yakiisha na beringi ikilia, fundi mzuri hubadilisha hivyo tu, si lazima altaneta nzima.

Sasa kuna mtindo mmoja ninaouchukia. Fundi anawasha gari, kisha anachomoa kibano cha betri injini ikinguruma, "tuone kama altaneta inachaji." Magari ya zamani yalivumilia. La leo, ukiichomoa betri ghafla, altaneta inarusha volti nyingi kwa nukta moja, na zinaweza kuunguza kompyuta ya injini, redio na regulata kwa mpigo. Ukimwona mtu anainama na spana namba 10 gari likiwa linawaka, mshike mkono.

Inayokauka usiku

Vipimo vyote vitatu viko sawa, na kila likisimama siku mbili haliwaki. Kuna kitu kinakunywa, na kuchaji betri hiyo ni kujaza mtungi uliotoboka.

Fungua boneti na mlango wa dereva, sukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi kijifunge ili gari lidhani mlango umefungwa. Funguo ya rimoti iweke mbali, hata nyumbani. Hamisha ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la 10A. Fungua hasi ya betri, weka mita katikati: ncha moja kwenye kibano, nyingine kwenye kichwa. Usipige staata wala kuwasha taa, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri nusu saa, kompyuta za gari zina desturi ya kuchelewa kulala. Gari zima hubaki na ampea 0.02 hadi 0.05. Likisoma 0.5, fanya hesabu: siku tatu ni ampea-saa 36, na betri ndogo nyingi zina kama 40 tu.

Kisha chomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita. Ile inayoishusha ndiyo inayokupeleka kwa mwizi. Kwa uzoefu wangu anza na vilivyofungwa baadaye: alamu, traka, redio iliyounganishwa moja kwa moja, bufa (spika kubwa) la matatu ambalo halizimiki. Taa ya buti isiyozima huwa inasahaulika. Fyuzi zote zikitoka na mita bado haijashuka, shuku altaneta, maana waya wake mnene haupiti kwenye fyuzi ndogo: fungua betri, toa waya huo, uufunike kwa tepu, pima tena.

Kujampu, na magari ya haibridi

Nyekundu kwenye chanya ya betri tupu, nyekundu kwenye chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Acha gari zima lingurume dakika tano, kumi, ndipo uwashe. Betri iliyovimba au kupasuka usiijampu.

Aqua na Prius ni haibridi, hutumia petroli pamoja na umeme wa betri kubwa; hazina altaneta wala staata ya kawaida, kwa hivyo kile kipimo cha pili hakina maana kwake. Zina betri ndogo ya volti 12, ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, ikilala basi taa ya READY, inayoonyesha gari liko tayari kuondoka, haitawaka hata kama betri kubwa imejaa. Milango ikigoma, ndani ya rimoti mna ufunguo wa chuma. Unaweza kuipa moto kupitia kichwa cha chanya kilicho kwenye sanduku la fyuzi chini ya boneti, lakini usiitumie kumjampu mwenzako. READY ikiwa imewaka, pima betri ndogo: iwe 13.8 na kuendelea. Nyaya za rangi ya chungwa usizikaribie.

Ikiwa lazima ununue

Soma herufi za ile ya zamani. Kwenye 46B24L, 46 ni nguvu, B ni kipimo cha upana na urefu wa kwenda juu, 24 ni sentimita za urefu wake, na L ni upande ilipo hasi na chanya. Ukichukua R badala ya L nyaya hazitafika, na mtu akizilazimisha kwa kugeuza, mtaunguza dayodi. Gari lenye kuzima injini kwenye taa za barabarani, kama Mazda nyingi zinazotumia betri maalumu ya Q-85, lisipewe betri ya kawaida, haitadumu.

Ile ya zamani irudishe dukani, wengi hukukatia kitu kwenye bei. Usimpe mtu wa kuiyeyusha uani. Risasi si taka ya kuchezea, na hapa Mombasa tunajua zaidi ya wengine: watu wa mtaa wa Owino Uhuru waliugua kwa ajili ya kiwanda cha kuyeyusha betri, mwanaharakati Phyllis Omido akawasimamia mpaka akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya hapa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Mpya nayo isiingie kwenye gari kabla ya kupimwa mbele yako, pale pale kaunta, kwa mita yako mwenyewe. Betri inaweza kukaa rafuni miezi mingi. Ikisoma chini ya 12.4, mwambie muuzaji akupe nyingine, au aichaji nawe urudi jioni.